Wenye Jina la Mzalishaji

Sauti ya vita ninayoikumbuka vizuri kuliko zote si ya bunduki. Ni ya makasi yakigongana ndani ya sufuria ya maji ya moto. Tiki-tiki, tiki-tiki, kama mdudu wa chuma anayetafuta mlango. Tulikaa uwanja mmoja na mzalishaji, yaani mkunga, yeye na mama yake nyumba ya mbele, sisi nyumba ya nyuma, na makasi yakianza kucheza tulijua kwamba mahali fulani hapa Kindu kuna mwanamke ameshikwa na uchungu. Sisi watoto tulibishana: atatoka wa kike au wa kiume? Aliyeshindwa alimbeba mwenzake mgongoni mpaka kwenye chemchemi.

Wakubwa hawakubishana. Mji ulikuwa umezungukwa, shambani hakuendeki, treni hailii tena, dawa haziji, na wanawake walikuwa wanazaa na njaa tumboni pamoja na mtoto. Mzalishaji aliporudi, watu walimtazama mikono kabla ya kumsalimia. Akiwa ameiweka mgongoni, mtoto amekufa. Akiwa ameikunja kifuani, mama naye ameenda. Mimi nilijifunza kusoma mikono ile kabla sijajua kusoma a, e, i, o, u.

Mimi nilitoka vizuri. Mama yangu anasema nililia kwa nguvu mpaka mzalishaji akacheka: "Huyu anataka wamusikie mpaka Pangi!" Hakukuwa na kuku wa kumshukuru, hakukuwa na kitenge, basi mama akanipa jina lake. Na kwetu jina la mtu halikatwi vipande. Ukimpa mtoto jina la mtu unampa lote, la kwanza na la pili, kama lilivyo. Tangu siku hiyo yeye ni somo yangu na mimi ni somo yake. Hakuniita kwa jina hata mara moja. Angejiitaje mwenyewe? Aliniita Miye Mudogo.

"Miye Mudogo amekula?" aliuliza kila akiingia. "Kama Miye Mudogo hajakula, na miye Mukubwa sina njaa."

Mama yake, ambaye sisi wote tunamwita Koko, kama tunavyoita bibi zetu, alikuwa ananiweka kwenye mapaja yake na kusema amezaa mara mbili mtu mmoja.

Walimchukua asubuhi. Koko alikuwa anachoma mahindi, na mzalishaji alikuwa ndiyo kwanza amerudi, hata viatu hajavua. Watu wenye silaha wakaingia uwanjani, wachafu, macho mekundu. Mmoja akasema bibi ya mukubwa wao, mke wake, iko anazaa huko porini.

"Mama, kamata vyombo. Twende."

Hakubishana nao. Alimwaga maji ya moto pembeni, akafunga makasi ndani ya kitambaa. Akamwambia Koko, "Mama, angalia mahindi, yataungua. Narudi."

Mahindi yaliungua. Koko alibaki anatazama njia.

Hakurudi wiki ile, hakurudi mwaka ule. Vita ikaisha, au ilisemekana imeisha, watu wakaanza kutoka porini wamekonda kama fito, na yeye hakuwamo. Kulikuwa na maneno tu. Mvuvi mmoja alisema amemwona Lokandu. Mchuuzi akasema hapana, alivuka mpaka, anazalisha watu Tanzania, tena amenenepa. Jamaa wakaja kwa Koko mara kwa mara: mama, tuketi matanga, tumlilie, yaishe. Koko akawafukuza.

"Nimulilie mutoto mwenye iko anapumua? Munataka nimuue na mudomo yangu?"

Lakini miaka ilivyopita niliona kwamba jambo lenyewe lilikuwa na pande mbili, na pande zote zilimchoma. Mwaka jana miguu yake ilianza kuvimba, macho yakawa yanaona kivuli tu. Siku moja nilipokuwa namkanda miguu, akanishika mkono.

"Miye Mudogo, naogopa kufa."

"Koko, kila mtu anaogopa."

"Si ile unafikiri. Kama yeye iko hai na niliketi matanga, nimemulaani. Kama alikufa na sikumulilia, nitafika kule atanitazama. Ataniuliza, mama, mbwa ikikufa watoto wanailia, miye nilikosa nini? Nitamujibu nini? Unitafutie. Jina iko kwako, itakujia."

Mimi nilisoma mpaka darasa la sita, halafu nikajifunza kushona. Nina mashine yangu ndogo kwenye kibaraza huko mtaa wa Kasuku, karibu na soko, na ni mtu wa kuota. Hata sindano ikiwa mkononi ninaota: nitashona magauni ya harusi, nitaweka kioo kikubwa, nitamwajiri mtu wa kupiga pasi tu. Koko aliponituma niliota zaidi. Niliona kabisa namna nitakavyomrudisha somo yangu, nimemshika mkono, watu wakikimbia kutoka sokoni. Lakini kutafuta nianzie wapi, sikujua. Ikatokea tu, siku nilipokwenda ofisi ya komini kuchukua patenti ya mwaka, ile karatasi ya kuruhusu watu wadogo kama sisi kufanya kazi.

Karani alinitazama, akatazama orodha, akanitazama tena.

"Weye mama, unataka kuniumiza kichwa? Patenti yako ulishachukua."

"Sijachukua, papa."

"Jina njo hili hapa, lote, la kwanza na la pili. Kazi: kupika mikate. Pahali: soko."

"Mimi nashona, papa. Mkate hata wa kununua siujui vizuri."

Watu kwenye foleni wakacheka. Karani hakucheka.

"Basi unashona mchana, unapika asubuhi, na unataka serikali isijue. Muntu mumoja, kazi mbili, ujanja mumoja."

Orodha ilikuwa imebandikwa pia nje ukutani, kwa sababu wanataka kila mtu aone nani amelipa na nani hajalipa. Nilitoka nikasimama mbele yake, jua kichwani. Jina letu lilikuwa pale, na si mimi. Nikawaza: amerudi. Amechoka na damu ya watu, anapika mikate kimya kimya, anaona haya kwa sababu ya miaka. Sikuchukua patenti yoyote siku hiyo. Nilikwenda sokoni mbio, nguo za wateja nikaziacha juu ya mashine.

Mpika mikate alikuwa na tanuri la pipa nyuma ya maduka ya chumvi. Alikuwa ameinama. Alipoinuka nikaona ni msichana wa umri wangu, mfupi, mnene wa mashavu, unga mpaka kwenye nyusi. Nilimwambia jina nililokuwa ninatafuta. Akaweka chini ile koleo yake ndefu.

"Njo miye, ni miye," akasema. "Na weye ni ule wa mashine, kule kwenye kibaraza."

"Unanijua?"

"Mwaka jana nilisoma jina lako kwenye ukuta ya komini. Nikakuja kukuangalia. Nilisimama ng'ambo ya njia. Nikaona kijana anacheka na wateja, nikarudi." Akafuta mikono kwenye nguo. "Nilikuwa nataka uwe yeye."

Hatukujua tufanye nini, tukakumbatiana, nikajaa unga. Mama yake alimzaa chini ya meza, alisema, mabomu yakipita juu, na mzalishaji akalala hapo hapo chini ya meza pamoja nao mpaka asubuhi. Naye alikuwa amepewa jina lote. Mama yake alikufa baadaye kwa kuhara, na yule mpika mikate hakuwa na mtu mwingine wa kumwuliza alizaliwa namna gani, ndiyo maana alikuwa anasoma kuta.

Tuliamua kuzisoma pamoja. Kwenye ofisi ya afya kuna orodha nyingine, ya watu walioruhusiwa kutibu, wameibandika ili tusichomwe sindano na matapeli. Tulishusha kidole polepole. Na jina likatokea. Muuguzi, Lokandu.

Mwenzangu alinifinya mkono mpaka nikaumia. Safari hii hata kazi ilikuwa yenyewe, hata mahali palikuwa pale alipopasema mvuvi. Tuliingia ndani kuuliza kama ni mama mzee. Yule bwana wa ofisi alisema yeye anajua majina na nambari, nyuso hazijui. Tukauliza daftari za zamani, za wakati wa vita. Ziliungua, akasema, na zile ambazo hazikuungua walizifungia karanga.

Nilimwambia Koko jioni ile ile. Singeweza kunyamaza na jambo kama lile. Hakupiga kelele. Aliomba maji aoge. Aliomba nimsuke nywele, zile nyeupe chache, na nilipokuwa namsuka alikuwa anajiuliza mwenyewe kwa sauti kama mtoto wake atamkuta amezeeka sana. Kisha akavaa kitenge chake kizuri, akaketi kwenye kiti karibu na mlango, akasema atakaa pale mpaka turudi.

Tulishuka mto Lualaba kwa mtumbwi wa mota, tumebanana na magunia na mbuzi mmoja aliyekuwa anamlamba mpika mikate unga uliobaki kwenye kiwiko. Tulicheka njia nzima. Nalisema hili kwa sababu ni kweli: tulikuwa na furaha kuliko siku zote nilizowahi kuishi.

Kituo cha afya kiko juu ya mto, karibu na mahali wanapokausha samaki. Tulimwulizia muuguzi kwa jina. Wakaita. Akatoka msichana mwenye koti jeupe, mwembamba, anatafuna kalamu.

Mpika mikate alikaa chini, palepale kwenye udongo.

Mimi nilikuwa nimesimama bado, ninamtazama, na kitu kimoja kilikuwa kinaniingia polepole kama baridi. Alikuwa mdogo kuliko sisi. Si kidogo. Mimi na mwenzangu tulizaliwa mjini kabla hawajamchukua somo yetu. Huyu alikuwa amezaliwa baada ya pale.

"Nani alikuzalisha?" nikamwuliza, hata salamu sijatoa.

Akanitazama kama mgonjwa anayeanza kuweweseka. Kisha akasema, "Ngojeni nimwite mama."

Mama yake alikuja kutoka kwenye moshi wa samaki, kitambaa kimefunga mdomo. Mwanawe alipomwambia majina yetu, alikishusha kitambaa. Hakutuuliza tumefuata nini. Alituingiza ndani ya nyumba, akafunga mlango, na tukakaa kwenye mkeka.

"Huyu alizaliwa porini," akasema, akimwonyesha mwanawe kwa kidevu. "Sisi wote wawili walikuwa wametukamata. Mama mzalishaji alikuwa kule kabla yangu. Makasi yake walikuwa wamekwisha kuyachukua, alikata kitovu na utepe wa mwanzi. Alikuwa anacheka na sisi. Aliniambia, ukifika Kindu umuone mama yangu, nilimuachia mahindi kwenye moto."

"Alikufa wapi?" mpika mikate akauliza.

"Njiani. Homa. Walitembeza sisi mvua mpaka jioni, mvua mpaka jioni. Akaanguka. Wakasema mwacheni, twende. Hatukuwa na jembe, hata panga hawangetupa. Nilimlaza vizuri. Nilimfunika na majani. Mtoto huyu alikuwa mgongoni kwangu."

Muuguzi alikuwa ameacha kutafuna kalamu. Nadhani hakuwahi kuambiwa yote.

"Kwa nini haukukuja kusema, mama?" nikamwuliza. Sikuuliza kwa ukali. Sina ukali huo.

"Ningekuja kusema kama nani? Wangeuliza, kule porini ulikuwa bibi ya nani. Wangemwuliza na mtoto wangu baba yake ni nani."

Tulilala kwao. Asubuhi nilikuwa nimekwisha kujiandaa kubeba maneno yale peke yangu, nayapanga mdomoni, nayapangua. Yule mama akatoka na kibunda chake kimefungwa. Akasema atakuja mwenyewe. Muuguzi akafunga dawa akaja pia, kwa ajili ya miguu ya Koko.

Kupanda mto ni taratibu kuliko kushuka, na hakuna aliyecheka.

Koko alikuwa kwenye kiti. Jirani alisema amekula kidogo sana. Alisikia miguu ya watu wengi, akainua uso, akanyoosha mikono yote miwili mbele. Sikuweza kumwachia mikono ile hewani. Nilikwenda nikaishika, nikamwambia, "Koko, ni miye. Miye Mudogo tu."

Aliielewa ile "tu". Mikono ikalegea.

Mama wa Lokandu akapiga magoti mbele yake, akasema yote, hakupunguza kitu, hata habari ya mahindi. Alipomaliza, Koko akauliza neno moja.

"Majani gani?"

"Ya mangongo, mama. Yale tunafungia mihogo ya chikwanga."

"Ni mapana," Koko akasema. "Vizuri. Ni mapana."

Ndipo akafungua mdomo na kulia. Nimeishi na vita na sijasikia kilio kama kile. Kilitoka kama kitu kilichokuwa kimefungwa na kamba miaka yote. Uwanja ukajaa watu.

Wazee wa upande wake, wanaotoka Pangi, walisema mtu asiyepatikana mwili hazikwi hivi hivi. Unakata shina la mgomba, la urefu wake yeye, unalivalisha, unalizika kama mtu. Lakini nani aliyekumbuka urefu wake? Picha yake hakuna. Koko akatuita sisi watatu tusimame mbele yake, akatupapasa vichwa, mmoja mmoja, akipima na bega lake.

"Miye mutaniacha," mpika mikate akasema. "Mukinipima miye, mutazika nusu."

Watu wakacheka wakilia. Hata Koko alicheka, kamasi zikimtoka. Kisha mkono wake ukabaki juu ya kichwa changu.

"Huyu. Aliishia hapa."

Nikalala kwenye mkeka, macho juu, na wakalaza shina la mgomba kando yangu, baridi, linatoa maji. Mzee mmoja akaweka panga karibu na kisigino changu na kukata. Niliwaza mambo mengi ya ajabu nikiwa pale chini. Niliwaza zile kuta za komini na za afya, jina letu limeandikwa mara kwa mara, limepigwa mhuri, kila mtu anayepita anaweza kulisoma: huyu anaruhusiwa kushona, huyu anaruhusiwa kuoka, huyu anaruhusiwa kutibu. Na yule mwenye jina, aliyetutoa wote kwa mikono yake, haruhusiwi kitu popote, haonekani kwenye ukuta wowote. Sisi ndio tulioandikwa. Sijui kama hiyo ni faraja. Siku ile haikuwa.

Tulimzika nyuma ya nyumba, amefungwa majani ya mangongo na juu yake kitenge kile kizuri cha Koko. Matanga yakakaa siku zake. Muuguzi alirudi Lokandu na mama yake, na watu wa uwanja wetu waliwasindikiza mpaka mtoni, hakuna aliyemwuliza yule mama swali lolote baya. Mpika mikate huja siku za Jumapili. Patenti yangu niliipata baadaye. Karani alitaka tuje wote wawili tusimame mbele yake kwa pamoja, na hata hapo alitutazama kama watu wanaomfanyia mazingaombwe.

Koko hajafa bado. Anasema haogopi tena, lakini hana haraka. Kila asubuhi, akishaamka, anashika ukuta wa nyumba mpaka nyuma, anainama, anaweka kiganja juu ya kile kichuguu cha udongo. Anakaa hivyo kidogo. Kisha anarudi kuomba chai.

Mvua kubwa zilipoanza nilikuwa nalala kwake. Ilinyesha mpaka alfajiri. Palipoanza kupambazuka nilitoka nikaenda kutazama. Mgomba huoza upesi, si kama mtu. Udongo ulikuwa umedidimia, katikati pamekuwa shimo, maji yamesimama ndani yake, meusi. Ndani ya nyumba nilimsikia Koko anakohoa, anajigeuza.

Nikachukua jembe na beseni. Nikachimba udongo kule kwenye mihogo, nikabeba, nikamwaga, nikarudi tena. Matope yalinifika kwenye magoti. Nilijaza mpaka pakainuka kama kiganja cha Koko kilivyopaacha jana, nikapiga kwa nyuma ya jembe, kisha kwa viganja, polepole, mpaka pakawa laini. Nikaosha beseni, nikalirudisha mahali pake.